Jiwe la Wapagazi wa Vita vya Mjerumani: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tulipoanza kuzungumzia jiwe la kumbukumbu huku kwetu, upande wa Nyangao na Mahiwa mkoani Lindi, maswali hayajakatika. Mengine huulizwa kikaoni, mengine kwenye kijiwe cha kahawa, na mengine hutumwa usiku na vijana wetu walioko Dar. Hapa tumekusanya yale yanayorudi kila mara.

Jiwe lenyewe liko wapi? Nimepita barabara yote ya Masasi sijaliona.

Hujaliona kwa sababu halijawekwa. Tuko kwenye hatua ya kuelewana, na ndiyo maana ukurasa huu upo.

Ni la kumkumbuka nani hasa?

Wapagazi. Watu waliobeba mizigo ya majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1916 na 1917, Waingereza walipomfuata Mjerumani kutoka pwani ya Lindi kupanda bonde la Lukuledi mpaka Newala na mto Ruvuma. Walibeba risasi, unga, mahema, majeruhi kwenye machela, sanduku za dawa, na wakati mwingine mabwana wenyewe. Hawakuwa askari. Wengi hawakushika bunduki hata siku moja, lakini walikufa kwa wingi kuliko wenye bunduki.

Upande wa Waingereza peke yake, katika Afrika Mashariki nzima, watu karibu milioni moja walipitia kazi hiyo kwa nyakati mbalimbali. Waliokufa hukadiriwa kukaribia laki moja, na wako wanahistoria wanaopandisha zaidi. Upande wa Wajerumani hesabu ni ngumu kuliko hapo, maana wapagazi wao wengi walikamatwa kijijini asubuhi na kufika mchana wakiwa tayari na mzigo kichwani. Nani angeandika?

Kwa nini hapa, na si Lindi mjini ambako watalii wanafika?

Kwa sababu hapa ndipo palipowaka. Kuanzia tarehe 15 Oktoba 1917, kwa siku nne, jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na jeshi la Waingereza lililokuwa na askari wengi wa Nigeria yalipambana Nyangao na Mahiwa. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wajerumani walipoteza karibu 500, ila kwao hao 500 walikuwa pengo lisilozibika. Mwezi mmoja baadaye walikuwa wameacha wagonjwa na majeruhi wengi nyuma, na tarehe 25 Novemba walivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Sasa tazama hesabu hizo. Ni za askari. Soma kitabu chochote cha vita hivi, utaambiwa kikosi fulani kilipoteza maofisa wangapi, kwa majina, na askari wangapi, kwa idadi. Wapagazi waliokuwa mita mia tatu nyuma ya mstari, wakisubiri kupeleka risasi mbele na kurudi na majeruhi, hupewa sentensi moja wakibahatika.

Kama hawakupigana, nini kiliwaua?

Makombora yaliua baadhi. Lakini wauaji wakubwa walikuwa kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au muhogo alipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wa kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, na mwenye tumbo bovu hasimami chini ya mzigo wa kilo 25 siku nzima kwenye tope. Mvua za mwanzoni mwa 1917 zilikuwa kubwa mno, magari yakazama. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo waliisha kwa mbung'o. Ikabaki shingo ya mtu.

Halafu kuna hesabu moja ya kutisha ambayo kila ofisa wa chakula aliijua. Mpagazi naye anakula. Kadiri jeshi linavyokwenda mbali na bandari, ndivyo mizigo mingi inavyokuwa ni chakula cha wabebaji wenyewe, kwa hiyo wanahitajika wabebaji wengine wa kubeba chakula cha hao. Posho ilipopungua, aliyepunguziwa wa kwanza alikuwa mpagazi.

Nimesikia kulikuwa na bomu kubwa la meli. Ni kweli?

Ni kweli kiasi. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji, ikapigwa na Waingereza na kuzama tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu na kupelekwa bara. Mzinga mmoja wa aina hiyo ulikuwa ukirusha makombora upande huu wa Lindi mwaka 1917. Waingereza nao walikuwa na mizinga yao, na ndege zilizoangusha mabomu.

Mzinga wa meli haukutengenezwa kutembea porini. Ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu, kilima hadi kilima, mto hadi mto. Leo mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria, umepakwa rangi na una kibao cha maelezo. Chuma kimepewa heshima yake. Waliokivuta hawana hata kokoto.

Mkiwa shambani mkakuta kitu cha chuma kinachofanana na kombora au risasi kubwa, msikiguse, msikibebe kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwambieni mtendaji wa kijiji aite polisi. Miaka mia kwa baruti si mingi.

Si tayari tuna sanamu ya Askari Dar es Salaam?

Tunayo, na ni nzuri. Ilizinduliwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Ila inua macho uangalie juu: anayesimama pale ni askari mmoja na singe yake. Ile ya Nairobi angalau ilimweka mpagazi naye juu, pembeni ya askari. Ya kwetu imemwacha kwenye maandishi, chini, ambako abiria wa daladala hana muda wa kusoma.

Jina Kariakoo pia limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi pale. Kila siku maelfu ya watu wanataja jina la wapagazi wakienda kununua nguo, na wachache wanajua wanachokitaja.

Kwa nini hawakupewa makaburi kama wazungu?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake huwanyamazisha watu kikaoni, kwa hiyo tutalisema taratibu.

Baada ya vita, Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita kwa kanuni moja inayopendeza: kila aliyekufa aandikwe jina lake, tajiri na maskini sawa. Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa. Huku haikufuatwa. Askari Mwafrika hakuhesabiwa kuwa wa kuandikwa kaburi lake peke yake, na mpagazi alikuwa chini ya huyo. Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitoa maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi pori upesi iwezekanavyo. Yaliachwa, yakarudi.

Haya si maneno ya uchungu tuliyoyatunga sisi. Tume yenyewe, ambayo leo inaitwa Commonwealth War Graves Commission, ilitoa ripoti yake Aprili 2021 na kukiri. Ilisema watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hili la pili ni Waafrika Mashariki na Wamisri. Waliomba radhi.

Radhi imepokelewa. Jiwe tunalitaka bado.

Lakini majina yao hayajulikani. Jiwe lisilo na majina lina maana gani?

Anayeuliza hivi huwa tunamrudisha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule, kaskazini magharibi ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa mabega mpaka bandarini, mwendo wa siku kadhaa, zikapakiwa kwenda Berlin, na mifupa ya mnyama mmoja imesimamishwa pale makumbusho mpaka leo, kimo cha mita 13. Ni wapagazi wa mkoa huu huu, miaka michache tu kabla ya vita, pengine baadhi ni watu wale wale.

Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake tunalijua kwa sababu wale waliomwajiri waliliandika kwenye daftari, na mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipotambua aina mpya ya dinosaria kutokana na mifupa ile, akaiita *Australodocus bohetii*, kwa heshima yake. Kwa hiyo majina ya wafanyakazi wa Lindi yaliweza kuandikwa. Kalamu zilikuwepo. Aliyetaka kuandika aliandika.

Jeshi la Waingereza lilikuwa hata na ofisi ya kuwasajili wapagazi, kila mtu na namba yake. Anayetoa namba ana orodha. Kwa hiyo tunapouliza majina hatuombi muujiza.

Na Mikindani, kwa wasiofika, pana nyumba yenye kibao kinachomkumbuka Livingstone, aliyeanzia safari yake ya mwisho upande ule mwaka 1866. Wabeba mizigo wake walianzia hapo hapo, siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo jiwe litakuwa na sehemu mbili. Upande mmoja maneno. Upande wa pili utaachwa laini, mtupu, wa kuchongwa majina kadiri yanavyopatikana. Fundi mmoja alitwambia jiwe la namna hiyo litaonekana kama kazi haijaisha. Tulimjibu ndivyo ilivyo.

Wapagazi wa Mjerumani nao wamo?

Wamo. Hapa tuligombana kidogo. Kuna mzee aliyesema babu yake alibebeshwa na Mwingereza kwa mshahara, japo mdogo, na hataki aandikwe pamoja na wa yule aliyewachomea maghala. Hoja yake tuliisikiliza. Lakini aliyekamatwa kijijini Mtama hakuulizwa anampenda Kaisari au Mfalme George. Wako waliobeba kwa Mjerumani mwezi huu, wakatekwa, wakabeba kwa Mwingereza mwezi uliofuata, njia ile ile wakirudi walikotoka.

Na wanawake?

Nusu ya jambo hili ni wao. Waliufuata msafara wa askari wa Kijerumani wakiwa na watoto mgongoni, wakatwanga, wakapika, wakachota maji, wakabeba. Wengine walibaki kijijini na ghala tupu baada ya majeshi mawili kupita na kuchukua mtama, kuku na mbuzi. Ndiyo maana kwenye maneno ya jiwe tumekataa "wanaume waliobeba". Tumeandika "watu".

Maneno yatakuwaje? Mbona msiandike "Mashujaa"?

Ubishi wa neno hili umekula vikao vitatu.

Wanaotaka "mashujaa" wanasema mpagazi ni neno la kudharauliwa, la mtu wa kubeba beba, na kumwita babu wa mtu mpagazi kwenye jiwe ni kumshusha mara ya pili. Wanaolikataa, nami ni mmoja wao, tunasema shujaa ni mtu aliyechagua. Hawa hawakuchagua. Ukimwita shujaa mtu aliyefungwa kamba akapelekwa, umemsafisha aliyemfunga. Kazi yake ilikuwa upagazi, aliifanya mpaka ikamuua, na hakuna aibu ndani ya neno hilo isipokuwa ile tuliyoitia sisi wenyewe.

Rasimu iliyopo mpaka sasa inasomeka hivi:

*Njia hii walipita wapagazi, 1916–1917. Walibeba vita visivyokuwa vyao. Wengi walikufa hapa na kandokando ya njia, wakazikwa bila majina. Tunawatafuta.*

Bibi mmoja aliuliza kwa nini "tunawatafuta" wakati wamekufa. Mwenyekiti akataka kulifuta neno, bibi akasema hapana, liacheni, mimi nimeuliza tu.

Jiwe la aina gani?

Matumbawe hapana. Najua nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa na bado zimesimama, lakini tumbawe ni jiwe la ukuta, halishiki herufi ndogo. Miaka kumi ya mvua, "wapagazi" inabaki "w pa zi". Saruji iliyoandikwa kwa rangi ni mbaya zaidi, kila mwaka utapaka upya, na mwaka ambao mweka hazina amehama haitapakwa.

Tunataka jiwe gumu la bara, la aina ya vilima vya Masasi, libaki na umbo lake, upande mmoja tu ndio usawazishwe. Herufi zichongwe kwa kina, kiasi ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho usome. Zisijazwe rangi. Kibao cha shaba au chuma chochote kinachong'aa hatuweki. Kitadumu mpaka usiku wa kwanza wenye giza, kisha kitapimwa kwa kilo.

Ardhi ni ya nani, na nani atoe ruhusa?

Ni ardhi ya kijiji, kwa hiyo inakwenda kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unakubali. Muhtasari uandikwe na uhifadhiwe. Jiwe likae nje ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati, kila upande. Msidharau kipimo hiki, kwa sababu siku barabara ikipanuliwa, katapila halisomi maandishi.

Wengine wanauliza kuhusu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hiyo hulinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo uwanja wa vita wa 1917 hauna ulinzi huo mpaka utangazwe rasmi. Ni sababu nyingine ya kuweka alama wenyewe.

Sisi Waislamu, jiwe kama hili halina tatizo?

Si kaburi, hakuna mwili chini yake, wala hatutawasha ubani juu yake. Ni kibao cha habari kilichotengenezwa kwa jiwe. Mashekhe wawili tuliowafuata walitaka jambo moja tu: lisiwe na sanamu ya mtu. Halitakuwa nayo. Siku ya kuliweka itasomwa hitma, na wenzetu Wakristo watafanya sala yao. Waliokufa walikuwa wa dini zote, na wengi walikuwa wa mizimu ya kwao; hao nao wazee watawasemea wanavyojua.

Kwa nini msiwaweke pamoja na waliouawa na Mreno kando ya Ruvuma?

Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, FRELIMO walikuwa na kambi ya mafunzo Nachingwea, na vijiji vya mpakani upande wetu vililipia. Mabomu ya kutegwa ardhini yaliyozikwa na Wareno yalikata miguu ya wakulima waliokuwa wakienda tu shambani. Wale nao wanastahili jiwe. Lakini majina yao yapo, yatima wao wako hai, na mahali pao ni kule Ruvuma ambako damu ilimwagika. Tukiwachanganya, hawa wa zamani wasio na wa kuwasemea watamezwa tena. Na askari wetu wa JWTZ waliokufa Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, Mtwara, yanayotunzwa vizuri.

Mnatafuta fidia kutoka Ujerumani au Uingereza?

Hapana. Anayetaka kuidai ana haki yake, ila asije na fomu za michango kwa jina la jiwe hili.

Litawekwa lini?

Siku inayofaa ni tarehe 15 Oktoba, siku vita vya Mahiwa vilipoanza, tena inafuata sikukuu ya Nyerere kwa hiyo walioko mbali wangekuwa wameshafika nyumbani. Kikwazo ni korosho. Oktoba kila mtu yuko shambani anaokota, au yuko ghalani anasubiri mnada, na mchango utaombwa wakati malipo ya kwanza hayajaingia. Wako wanaopendekeza tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Mimi naona tungoje korosho ziuzwe, hata kama ni Oktoba ya mwaka mwingine. Wamesubiri zaidi ya miaka mia.

Kwetu kuna jina la babu mkuu aliyechukuliwa akaishia hukohuko. Nifanye nini?

Usilipeleke kwenye kikao kwanza. Kaa na mkubwa wa ukoo, andika hivi: jina lake, jina la baba yake, ukoo, kijiji alichochukuliwa, nani alimchukua kama panasemwa, na mtu wa mwisho aliyemwona. Andika pia nani amekusimulia, naye alisimuliwa na nani. Kama linalokumbukwa ni jina la utani tu, andika hilo hilo. Wengi walijulikana kwa hayo, na hatutalisahihisha liwe la kistaarabu. Kama kuna mawili yanayogongana, andika yote mawili.

Kisha lete karatasi ofisi ya kijiji, mwachie mtendaji, mwambie ni ya jiwe. Mwenye macho mabovu aje aseme, kuna binti wa kidato cha nne anayeandika Jumamosi asubuhi. Mpaka sasa daftari lake lina majina kumi na moja, na moja kati ya hayo ni la mwanamke.